Mnyororo Uliopelekwa Posa

Msiniulize nchi yenyewe iko wapi. Mkiniuliza nitasema sijui, na mkinibana zaidi nitasema niliota, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa ndoto, angalau mpaka jana. Ilikuwepo tu, hiyo nchi, na huenda ipo hadi leo, maana nchi za namna ile hazifi upesi. Wanakufa watu wake.

Sifa yake kubwa ilikuwa upole. Raia wake walikuwa wapole kupita kiasi, na si kwa kupenda kwao, bali kwa sheria. Palikuwa na Wizara ya Staha, yenye jengo kubwa kuliko hospitali zote za nchi zikiwekwa pamoja, na kazi ya wizara ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayemwambia mwenzake neno kavu. Kusema "hapana" lilikuwa kosa, ulitakiwa kusema "ndiyo, lakini baadaye." Kusema "uongo" lilikuwa kosa la jela, ulichoruhusiwa kusema ni kwamba hiyo ni kweli ambayo bado haijafika. Barabara ikichimbika shimo la kummeza ng'ombe na pembe zake, hukusema imeharibika. Ulisema imepumzika. Na dawa zikikosekana hospitalini, mganga alikuambia kwa tabasamu kwamba dawa zimesafiri, na zinakusalimu sana.

Basi mtu akiwa na lalamiko afanyeje? Alifunge kibindoni afe nalo, ndivyo walivyofanya wengi. Lakini aliyeshindwa kabisa kuvumilia alitakiwa kumtafuta mshenga mwenye kibali cha serikali. Mshenga ndiye aliyelichukua lalamiko, akalipamba, akalifukiza udi, akalifikisha kwa mkosaji likiwa limekwisha kunukia vizuri hata mkosaji akashukuru kwa zawadi.

Katika nchi hiyo alikuwepo mama mmoja jina lake Siwema, fundi cherehani wa sare za shule. Alikuwa na ulimi mkali ambao Mungu alimpa na serikali ikamwambia autunze. Mumewe alikufa mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa imesafiri, akamwachia binti mmoja, Tunu, mtoto wa darasa la tatu mwenye miguu kama fito na maswali yasiyokwisha.

Siku moja Tunu alirudi kutoka shule bila swali hata moja. Alikaa mlangoni, akamtazama mama yake anavyoshona. Chakula kilipoletwa hakukigusa.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, mama."

"Kula basi."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Mtoto akaisukuma sahani pembeni. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Akaanza kumfuata mama yake kila aendapo, kamshika gauni kwa nyuma. Siwema akienda bombani, Tunu yupo. Akienda chooni, Tunu kasimama mlangoni anaita, "Mama, upo?" Na asipojibiwa upesi, mlango unapigwa teke.

Mwishowe Siwema akamkamata, akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa wa kukalishwa, akambembeleza mpaka mtoto akavua soksi na kutoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa na ua limechorwa pembeni kwa kalamu ya rangi. Siwema akaisoma.

"Barua hii imezunguka dunia nzima. Usicheke. Inakili mara saba uwape rafiki zako saba. Kuna mtoto aliitii akapata baiskeli. Kuna mtoto aliichana, mama yake akafa kabla mwezi haujaandama. Ukiukata mnyororo huu na mama yako atakufa. Ni mimi rafiki yako mpenzi, Shani."

Lo! Siwema alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. Mtoto aliyemzika baba juzi, leo anaandikiwa hivi! Akafunga dirisha kwanza, maana balozi wa nyumba kumi alipenda kupumzika chini yake, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Tunu, sikiliza. Huu ni uongo."

"Usiseme neno hilo, mama, watakukamata."

"Nasema ni uongo. Mimi sifi."

Tunu akamtazama. "Hata baba ulisema atapona. Ulisema anapumzika tu."

Ni kweli Siwema alisema hivyo, kwa kuwa mganga alimwambia hivyo, na sheria ilimtaka aseme hivyo, na yeye mwenyewe alitaka kuamini. Sasa neno lake halikuwa na thamani tena mbele ya mwanawe. Alitaka kulia, akaamua kukasirika.

"Haya, basi leta kalamu. Tuandike hizo saba tuwape watu, yaishe."

"Na mama zao?"

"Mama zao nini?"

"Nikiwapa halafu wao wasiandike, mama zao watafariki. Nani atakuwa amewaua?" Machozi yakaanza kumtiririka. "Nisipoandika, wewe. Nikiandika, wao. Mimi sitaki mama yeyote afe."

Hapo ndipo Siwema alipojua anachokitaka. Hakutaka fidia, hakutaka mtu achapwe. Alitaka mtu mzima mmoja tu, mmoja, mwenye heshima mbele ya mtoto, amtazame Tunu machoni amwambie: mwanangu, hii si kweli, nenda kale. Mtasema ni jambo dogo. Na mimi nilidhani hivyo.

*

Kwanza alimwendea Mwalimu Mkuu, Bwana Kilindo, mtu wa miwani na tai. Mwalimu Mkuu alimpokea kwa mikono yote miwili, na mikono yote miwili ilikuwa na wino.

"Mama Tunu, karibu sana. Suala lako nimelipokea kwa furaha kubwa mno."

"Sijalisema bado, mwalimu."

"Nimelipokea hata hivyo."

Siwema akalieleza. Mwalimu akaitazama ile barua, akarudi nyuma na kiti chake, akakohoa. Mezani pake palikuwa na karatasi zimepangwa vizuri, na Siwema, ambaye hakuwa kipofu, aliona zote zinaanza na maneno "Barua hii imezunguka dunia nzima."

"Na wewe, mwalimu?"

"Mama yangu ana presha," alisema Mwalimu Mkuu. "Mtu hawezi kujua."

"Mwambie mtoto kwamba si kweli. Neno moja tu, nakuomba. Amesimama hapa."

Mwalimu Mkuu akamtazama Tunu, akatafuta maneno kwenye dari. "Tunu, mwanafunzi mwema. Barua hii, kwa kweli, ni kweli ambayo bado haijafika."

Tunu akamkamata mama yake gauni kwa mikono miwili. Haijafika, maana yake iko njiani. Siwema akashukuru, kwa kuwa kushukuru ni lazima, akatoka kabla hajamtupia mtu kiti.

Ikabaki kwenda kwa mzazi mwenzake. Lakini baba yake Shani hakuwa mzazi wa kugongewa mlango hivi hivi. Alikuwa Mheshimiwa Ngoda, Naibu Waziri wa Staha mwenyewe, aliyekuwa akimsomesha binti yake shule ya kina yakhe ili apigwe naye picha, na kampeni zikiisha amhamishe. Kwenda kwake bila mshenga kulikuwa ni kutafuta kufungwa kwa upole. Siwema akamtafuta mshenga.

Mshenga alikuwa Mzee Mwinchande, mwenye kibali, koti jeusi na bakora ya mpingo. Maisha yake yote alikuwa amepeleka posa. Malalamiko aliongezewa na serikali uzeeni, akayapokea kama mtu anavyopokea mjukuu wa ziada, lakini moyo wake ulikuwa kwenye posa.

"Mzee wangu, nakuomba unisikilize vizuri," alisema Siwema. "Mrudishie Mheshimiwa barua hii. Mweleze kwa adabu zote kwamba mwanawe asiwaandikie wenzake vitisho. Na amwambie mwanangu kwamba si kweli. Basi, hilo tu."

"Nimekuelewa, binti yangu. Barua unayo?"

"Hii hapa."

Macho ya Mzee Mwinchande yakang'aa. Akaikunja ndani ya leso nyeupe, akaitia marashi, akaiweka kwenye sinia la shaba, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

"Mzee, ya nini yote hiyo?"

"Ebo! Barua iende mkono mtupu? Tutaonekana watu wa wapi?"

Akakusanya wazee wenzake, nao wakavaa kofia zao, wakaondoka kwa mwendo wa taratibu ule wa watu wanaojua watapewa biriani. Mwenye haja hafuatani na mshenga wake, ndiyo mila, kwa hiyo Siwema alisimama nje ya ukuta wa Mheshimiwa, Tunu nyuma yake, wakatega sikio.

"Hodi, hodi wenye mji!" ilisikika sauti ya Mzee Mwinchande, na Siwema akaona kabisa sauti ile imekwisha kushika njia isiyo yake. "Sisi ni wapita njia. Tumepita tukaona ua zuri katika bustani yenu. Tukasema, ua kama hili, tukipita kimya tutakuwa hatuna macho."

"Mungu wangu," alisema Siwema. "Anaposa."

Ndiyo, alikuwa anaposa. Mdomo uliozoea kitu kimoja miaka hamsini haufundishwi kingine kwa asubuhi moja. Na ndani ya nyumba ile alikuwamo Bi Mauwa, dada yake Mheshimiwa, mwanamke mzuri, aliyepita umri wa kuposwa bila kuposwa kwa sababu hakuna mwanamume aliyetaka Naibu Waziri wa Staha awe shemeji yake. Nyumba nzima ilikuwa ikiingoja sauti ile kama mvua. Vigelegele vikapasuka. Vyungu vikaanza kugongana. Mtu akatumwa mbio kuwaita Redio ya Taifa, kwa kuwa Mheshimiwa hakupenda kufurahi bila kipaza sauti.

"Jamani, bwana harusi ni nani?" ilisikika sauti ya Bi Mauwa mwenyewe.

"Tulia, usiwe mkavu," akajibiwa.

Waandishi wakaja. Mheshimiwa akavaa kanzu, akakaa kati ya mama yake mzee na kipaza sauti, akafungua leso na kuanza kusoma kwa sauti ile ya kufungulia madaraja. "Barua hii imezunguka dunia nzima! Usicheke!" Watu wakapiga makofi, posa yenye lugha nzito namna hiyo hawakuwahi kuisikia. Akaendelea, na kadiri alivyoendelea sauti ilimpungua. Alipofika kwenye "na mama yako atakufa," alikuwa anaongea kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Ikasikika sauti ya kizee, ya mama yake: "Ngoda mwanangu, unasoma nini hicho?"

Mtu mwenye akili angesema, samahani, hizi ni takataka za watoto, na zimeandikwa na binti yangu, njoo hapa Shani. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba dada yake hajaposwa, mbele ya redio. Ni aibu. Na kuitupa ni kuukata mnyororo, na mama yake yuko pale, mgonjwa wa moyo. Mheshimiwa akafuta jasho.

"Ndugu wananchi," alisema. "Barua hii si ya familia yangu peke yake. Nimeona nisiwe mchoyo. Barua hii ni ya Taifa."

Na kwa sheria za nchi ile, neno la kiongozi likishaingia kipaza sauti halitoki tena.

*

Wiki ile nchi ilinakili. Shule zilifunga masomo, watoto wakanakili. Mahakama ziliahirisha kesi, mahakimu wakanakili, na mahabusu wakapewa karatasi nao wanakili, maana na wao wana mama. Kiwanda cha kuchapa vitabu kiliacha vitabu. Polisi walisimamisha magari barabarani, si kuuliza leseni, bali kumkabidhi dereva nakala kwa heshima zote. Dereva akishukuru, anapewa na ya mkewe.

Hata Mtukufu Mlezi wa Nchi alitakiwa kuandika, na hapo pakatokea kikwazo. Mama yake alikwisha kufa zamani, lakini washauri walisema tahadhari haina hasara. Kikwazo kilikuwa marafiki. Mtukufu hakuwa nao saba. Hakuwa naye hata mmoja. Wale wa ujanani, wengine walikuwa gerezani, wengine kaburini, na wengine ng'ambo wakiomba Mtukufu asiwakumbuke. Ikatolewa amri, wakateuliwa Marafiki wa Taifa saba, wakapewa magari na walinzi na sare. Inasemekana wake zao walilia siku ile walipoteuliwa.

Tunu alikuwa ameketi karibu na redio, ameegemeza kidevu magotini. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani.

"Unaona, mama," alisema. "Hata serikali inajua."

Siwema akaizima redio kwa kofi.

Akambeba mtoto akampeleka zahanati, kwa kuwa alikuwa akiyumba akitembea. Muuguzi hakuinua kichwa. "Subirini, ndugu zangu. Nimebakiza nakala mbili."

Wakasubiri. Benchini kando yao alikaa mwanamke kijana amempakata mtoto mchanga anayehema haraka haraka. Alisema mara ya kwanza, "Dada, samahani, mwanangu." Alisema mara ya pili, "Dada, tafadhali sana, kama hutojali." Muuguzi akasema ndiyo, lakini baadaye. Mtoto alihema haraka, kisha akahema polepole. Kisha mama yake akaanza kumtikisa.

"Maskini," alisema muuguzi, akikimbilia benchi na kalamu bado mkononi. "Lazima kuna mtu ameukata mnyororo."

Sitasema zaidi. Nina hasira, na sheria inanitaka niseme mtoto yule amepumzika. Hakupumzika. Alikuwa hajafanya kazi yoyote ya kumchosha.

Siwema aliyaona yote yale. Na Tunu aliyaona. Walipofika nyumbani walimkuta mjumbe wa wizara amesimama mlangoni na kadi yenye kamba ya dhahabu. Mama Tunu, ambaye kwa mkono wake mnyororo ulifika kwa viongozi, alikuwa ameteuliwa Mama wa Mnyororo wa Taifa. Atavishwa nishani uwanjani, mbele ya Mtukufu. Binti yake atamkabidhi Mtukufu nakala saba alizoziandika mwenyewe.

"Hajaandika," alisema Siwema.

"Ameandika, ila bado hazijafika," alisema mjumbe, akatabasamu, akaondoka.

*

Uwanja ulijaa. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na gwaride, kulikuwa na watoto waliopangwa wakafanya umbo la mnyororo, na walioanguka kwa jua walivutwa kwa upole pembeni na nafasi zao zikazibwa. Mheshimiwa Ngoda alihutubia muda mrefu. Alisema mataifa mengine yameunganishwa na reli, na mengine na simu, lakini taifa letu ndilo la kwanza duniani kuunganishwa na mama zetu. Mtukufu alitikisa kichwa kwa usingizi. Marafiki wa Taifa saba wakatikisa vyao.

"Na sasa," alisema Mheshimiwa, "mtoto wetu mpendwa atakabidhi."

Tunu alisimama katikati ya jukwaa, mikono mitupu. Mtukufu akanyoosha mkono wake. Mkono ukakaa hewani.

"Lete, mjukuu wangu," alisema Mtukufu.

"Sina," alisema Tunu.

"Unazo, ila..."

"Sina. Sikuandika. Nikiandika, mama wa mtu mwingine atakufa." Akageuka akamtafuta mama yake kwa macho. "Lakini sasa mama yangu atakufa. Mnisaidie, jamani. Asife."

Uwanja mzima ulimsikia, na watu wazima wote wale, mawaziri, maaskofu, masheikh, maprofesa, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Waliangalia viatu vyao. Mimi nasema laana ya nchi ile haikuwa barua. Ilikuwa viatu vile vinavyoangaliwa.

Siwema alipanda jukwaani. Hakuitwa. Alikipokonya kipaza sauti mkononi mwa Mheshimiwa, bila samahani, bila naomba, akapiga magoti mbele ya mwanawe kana kwamba uwanja ulikuwa mtupu.

"Tunu, nitazame. Baba yako hakupumzika. Alikufa. Alikufa kwa sababu dawa hazikuwapo, na hazikusafiri popote, ziliibwa. Mimi nilikudanganya kwa kuwa niliogopa watu hawa. Leo siwaogopi, kwa hiyo leo sikudanganyi. Barua hii ni uongo. Uongo mtupu! Kama kuna mama wa kufa kwa karatasi, na awe mimi, hapa hapa, uone kwa macho yako."

Akainyakua barua yenyewe, ile yenye ua, iliyokuwa imewekwa jukwaani kwenye sinia la shaba, akaichana vipande viwili, akaichana vinne, akaitupa kwenye miguu ya Mtukufu.

Bi Mauwa, aliyekuwa amekaa kwenye viti vya wakubwa bado akimngoja bwana harusi, alipiga kelele moja ya kumshangilia, kisha akashikwa mdomo.

Wakamngoja afe. Naam, walimngoja. Kwaya ilibadilisha ukurasa. Daktari wa Mtukufu alikuja na vipimo vyake, akamsikiliza moyo, akauliza kwa adabu kama anahisi kizunguzungu. "Nahisi njaa," alisema Siwema. Mtukufu akatazama saa. Jua likasogea. Mtu mmoja kwenye majukwaa ya nyuma akacheka, kisha mwingine.

Hapo wakubwa wakaona wamepatikana. Wakainamiana, wakanong'ona. Kumfunga? Asiyekufa ndiye anayefungwa. Wakimfunga wamekiri kwamba yu hai, na kama yu hai basi barua ya Taifa ni nini? Kumwua? Mbele ya watu ni ukavu. Mheshimiwa Ngoda ndiye aliyepata dawa.

"Ndugu wananchi," alisema, sauti imemkauka. "Kwa masikitiko makubwa, natangaza kifo cha Mama Siwema, kilichotokea hivi punde, ghafla. Tusimame kwa dakika moja."

Uwanja ukasimama. Siwema naye akasimama, kwa kuwa alikuwa tayari amepiga magoti vya kutosha. Akaletewa cheti cha kifo chake, akatakiwa atie saini kwamba amekipokea, akatia.

*

Matanga yaliwekwa nyumbani kwake kwa amri ya serikali. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, majirani wakaja na nyuso za msiba. Wakampita Siwema mlangoni bila kumsalimu, kwani maiti hasalimiwi, wakaenda kumshika Tunu mkono. "Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu." Tunu alimtazama kila mmoja kwa mshangao, kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa jikoni anapuliza moto na kuzitukana kuni.

Maana marehemu alikuwa anapika. Nani mwingine angepika?

Redio ikatangaza kifo kile katika taarifa ya habari, baada ya mipira. Tunu akaenda jikoni. Akamgusa mama yake mkono. Akamgusa shavu. Akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu, na Siwema akamwacha asikilize, moshi unamuumiza macho, au tuseme ni moshi.

"Wamesema umekufa," alisema Tunu.

"Nimesikia."

"Redioni kabisa."

"Nimesikia, mwanangu."

Tunu akafikiri. Kitu kikaanza kumtekenya pembeni ya mdomo. "Mama, watu wazima wote wale wanasema uongo!"

"Wote."

"Kuna ukoko?"

Siwema akageuka haraka akakwangua chungu kwa nguvu, akakwangua mpaka kikalia, akajaza sahani. Mtoto akakaa chini palepale jikoni, akala kwa mikono miwili.

Mheshimiwa Ngoda aliwasili na magari yake, waandishi wake, mama yake mzee, na Shani katika gauni jeusi. Akasimama chini ya turubai akaanza kusema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mnyamavu, aliyeipenda serikali yake.

"Mwongo mkubwa wewe!" ilisikika sauti kutoka jikoni.

Mheshimiwa akaendelea kusoma. Hakuna sheria inayomruhusu naibu waziri kumsikia maiti. Watu wakaanza kutetemeka mabega, wakaficha nyuso ndani ya khanga, na waandishi wakaandika kwamba waombolezaji walilia sana.

Shani aliponyoka mkono wa bibi yake akaingia jikoni. Alikuwa amekonda kama Tunu. Alimkodolea Siwema macho, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Mama Tunu, nisamehe. Mimi nilipewa na mtoto wa darasa la tano. Niliogopa mama yangu atakufa."

Ile hasira yote aliyoibeba tangu siku ya soksi, Siwema aliitafuta ya kumpa mtoto yule, hakuipata. Ilikuwa na wenyewe, na walikuwa nje chini ya turubai. Akamvuta Shani, akamfuta makamasi kwa pindo la gauni, akamkalisha.

"Hafi," Tunu alimwambia, mdomo umejaa. "Ni uongo. Mimi nimeona. Kula."

Shani akatia mkono sahanini.

Hotuba ikaisha. Mheshimiwa alikuja mpaka mlango wa jikoni, peke yake, akatazama nyuma kwanza kama waandishi wako mbali. Mfuko wa kanzu yake ulikuwa umetuna kwa karatasi. Akainama, akanong'ona:

"Marehemu. Samahani. Una hakika?"

Siwema hakumtazama. "Chana uone."

Mkono wa Mheshimiwa ukaingia mfukoni. Ukakaa humo. Nje mama yake mzee alikohoa, na mkono ukatoka, mtupu.

"Baba," alisema Shani, "nipe mimi nikuchanie."

"Mwache," alisema Tunu, akimsogezea mwenzake kipande kikubwa cha ukoko. "Yeye bado anaogopa. Wewe kula."